Mtu wa Kukisimamisha Kibao

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa. Nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka mdomoni.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojazana hadi mlangoni, asanteni kwa kunikaribisha.

Tangazo la mada hii, kazi ya ubalozi wa nchi ndogo ya visiwa, lilipobandikwa, kijana mmoja alinifuata akaniuliza swali ambalo sikumjibu pale pale. Alisema: "Mwalimu, Tuvalu, ile nchi ya visiwa kwenye Bahari ya Pasifiki, ina watu wapatao elfu kumi. Uwanja wa mpira unajaza watu wengi kuliko hao. Sasa nchi kama ile inataka ubalozi wa nini New York, kwenye Umoja wa Mataifa? Si bora fedha hizo zijenge zahanati?"

Swali ni la haki. Mtoto akiugua homa au kisukari kikimzidi mzee, hatibiwi na hotuba. Na najua wengi wenu mnalo swali hilo, ila mmeona haya kuliuliza. Nimekuja kulijibu, na nitachukua muda.

Tuanze na hizo fedha. Tuvalu ilipata uhuru tarehe 1 Oktoba 1978, lakini ilijiunga na Umoja wa Mataifa tarehe 5 Septemba 2000, ikiwa mwanachama wa 189. Ilikaa nje miaka 22, na sababu kubwa ilikuwa gharama. Kilichokuja kuifungulia mlango ni herufi mbili. Kila nchi ina herufi zake za mwisho katika anwani za intaneti, na zilizoiangukia Tuvalu ni tv, ambazo watu wa televisheni na video dunia nzima wanazitaka. Nchi ikazikodisha, na mapato yakasaidia kulipia uanachama. Mtu mwenye vitu vichache kiasi hicho vya kuuza, akiuza kimoja akanunua kiti, mjue kiti hicho amekifikiria sana.

Ada yenyewe si kubwa. Kiwango cha chini kabisa cha mchango ni asilimia 0.001 ya bajeti ya kawaida ya Umoja wa Mataifa. Bajeti ya mwaka 2024 ilikuwa kama dola bilioni 3.59, kwa hiyo mchango wa nchi ndogo haufiki dola 40,000 kwa mwaka. Kinachouma ni kukaa pale: kodi ya ofisi Manhattan, nyumba za maofisa, ada za shule za watoto wao, tiketi za ndege kutoka Funafuti, mji mkuu wa Tuvalu, kupitia Fiji. Ndiyo maana tangu mwaka 1983 Jumuiya ya Madola imekuwa na ofisi ya pamoja New York, ambamo nchi wanachama zilizo ndogo hupanga kwa nafuu. Mwaka 2011 ikafunguliwa nyingine Geneva. Na ndiyo maana balozi wa nchi kama Tuvalu mjini New York huwa pia ndiye balozi wake nchini Marekani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unaruhusu mtu mmoja kuwakilisha nchi yake kwa serikali kadhaa, na unaruhusu hata nchi mbili au zaidi kumtuma mtu mmoja huyohuyo. Walioandika vifungu vile walijua kwamba si kila mtu ana uwezo wa kufungua nyumba kila mji.

Sasa, fedha hizo zinanunua nini?

Ingieni nami ndani ya Baraza Kuu. Kila mwaka Katibu Mkuu huchota kura kujua ni nchi gani itakaa kiti cha kwanza, na nchi nyingine hufuatana kuanzia hapo kwa alfabeti ya Kiingereza. Kwa hiyo Nauru, kisiwa cha Pasifiki chenye kilomita za mraba 21, inaweza kujikuta mstari wa mbele na dola kubwa ikawa nyuma yake. Halafu kuna kifungu cha 18 cha Katiba ya Umoja wa Mataifa: kila mwanachama kura moja. Benki ya Dunia haiko hivyo, na Baraza la Usalama, lenye wale wanachama watano wa kudumu na turufu zao, yaani kura moja inayotosha kuzuia uamuzi, haliko hivyo. Pale Baraza Kuu ndipo Nauru na China zinawekwa kwenye mizani moja.

Lakini kura ni mwisho wa safari. Kazi yenyewe iko vyumba vya chini, na nataka mwone chumba kimoja.

Ni mwezi wa Oktoba. Baraza Kuu lina kamati kuu sita, na nyakati nyingi zinakaa kwa pamoja: upokonyaji silaha huku, uchumi kule, haki za binadamu, ukoloni, bajeti, sheria. Dola kubwa ina ofisa kwa kila kamati, na nyuma yake ana mwanasheria. Ubalozi wa kisiwa una maofisa watatu au wanne, balozi akiwamo. Ofisa mmoja anabeba kamati mbili au tatu, na katikati ya siku bado kuna mkutano wa kundi lake. Usiku unamkuta kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele yake rasimu ya azimio iliyojaa mabano. Maneno yaliyo ndani ya mabano hayajakubaliwa. Wakubwa wanataka haya yatoke, wengine wanataka yale yabaki. Watu wamechoka, tai zimelegezwa, kila mtu anaiwaza treni ya mwisho. Mwenyekiti anafika aya ya 14 na kuuliza: kuna pingamizi kwa kuondoa maneno haya? Anatazama kushoto, anatazama kulia.

Kuomba kusema, mjumbe hukisimamisha wima kile kibao chenye jina la nchi yake. Ni kipande cha plastiki chenye herufi nyeupe. Kama kiti cha kisiwa kiko tupu usiku ule, hakuna kibao kitakachosimama, nyundo itagonga meza, na maneno ambayo nchi ile iliyahangaikia miaka kumi yatakuwa yametoka bila mtu yeyote kuipinga. Hapo hapahitajiki hila wala ubaya. Kutokuwepo kunatosha.

Kijana wangu, jibu langu ndilo hilo. Kisiwa kinalipa kodi Manhattan ili usiku ule awepo mtu wa kukisimamisha kibao. Yote nitakayosema baada ya hapa ni ushahidi.

Vanuatu, nchi nyingine ya visiwa vya Pasifiki, ilipata uhuru mwaka 1980 na kuingia Umoja wa Mataifa mwaka 1981. Haikuwa na wanadiplomasia wa kutosha, ikamchukua wakili Mmarekani mweusi, Robert Van Lierop, awe balozi wake pale. Wakongwe wa ukombozi wa kusini mwa Afrika wanalifahamu jina hilo: mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Msumbiji kuwapiga filamu wapiganaji wa Frelimo, chama kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Aliitumikia Vanuatu mpaka mwaka 1994. Muungano wa Nchi za Visiwa Vidogo ulipoanzishwa mwaka 1990, yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Muungano huo hauna jengo la fahari. Kwa sehemu kubwa unaendeshwa na hizo hizo balozi za New York, watu walewale watatu watatu, wanagawana vyumba: wewe nenda fedha, mimi nitakaa na misitu. Leo una wanachama 39.

Mwaka 1991, mkataba wa tabianchi ukiwa bado unaandikwa, Vanuatu kwa niaba ya visiwa ilileta pendekezo: nchi zenye viwanda zichangie mfuko wa bima, na visiwa vitakavyoliwa na bahari vilipwe kutoka humo. Pendekezo halikupita. Likabakia neno tu, "bima", ndani ya mkataba wa mwaka 1992. Kisha balozi zikabadilishana maofisa, kizazi kikastaafu, kingine kikaja, na kila mwaka mtu fulani alisimamisha kibao na kulirudisha jambo lile mezani. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, Novemba 2022. Hesabuni wenyewe: miaka 31. Fedha zilizowekwa humo bado ni chache mno, na kusema vinginevyo itakuwa kuwadanganya. Ila mlango uliokataliwa kufunguliwa mwaka 1991 sasa uko wazi.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka bahari yetu wenyewe, Bahari ya Hindi. Mniwie radhi nikikawia hapa.

Mwaka 1965 viongozi wa Mauritius walikuwa London, Lancaster House, wakijadili uhuru wao. Tarehe 8 Novemba mwaka huohuo Uingereza ikavimega visiwa vya Chagos kutoka Mauritius, kwa fidia ya pauni milioni 3, na uhuru ukaja tarehe 12 Machi 1968 bila Chagos. Kati ya mwaka 1968 na 1973 wenyeji wote, watu kati ya 1,500 na 2,000, waliondolewa ili kambi ya jeshi la Marekani ikae Diego Garcia, kisiwa kimojawapo cha Chagos. Walishushwa Mauritius na Shelisheli, wengi hawana kitu mkononi.

Mauritius ingefanyaje? Haina jeshi. Uingereza ina turufu Baraza la Usalama. Kuishtaki katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki haikuwezekana bila ridhaa yake, na ridhaa hiyo haikuwapo. Njia iliyobaki ilikuwa Baraza Kuu, ambalo lina haki ya kuiomba Mahakama maoni ya ushauri. Na hapo ndipo ninapowaomba mtulie, wanasheria hasa, mwone jinsi swali lilivyochongwa.

Kama wangeuliza "Chagos ni ya nani?", Mahakama ingeweza kusema huo ni ugomvi wa nchi mbili, na mmoja wao hajakubali kuhukumiwa. Kwa hiyo hawakuuliza hivyo. Waliuliza: je, kazi ya kuiondoa Mauritius katika ukoloni ilikamilishwa kihalali ilipopewa uhuru mwaka 1968, baada ya Chagos kumegwa? Swali la pili likafuata, kuhusu matokeo yake kisheria iwapo utawala wa Uingereza pale unaendelea. Kwa namna hiyo jambo likahama kutoka ugomvi wa mipaka na kuwa jambo la ukoloni, na ukoloni ni kazi ya Baraza Kuu tangu azimio namba 1514 la tarehe 14 Desemba 1960. Nchi za Afrika zikalibeba pamoja. Ubalozi wa Mauritius ukaanza kugonga milango, mmoja baada ya mwingine.

Tarehe 22 Juni 2017 kura zikapigwa: 94 zikakubali, 15 zikapinga, 65 hazikuchukua upande. Kati ya hizo 65 zilikuwamo nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani na Ufaransa zikiwamo, ambazo miaka michache kabla pengine zingesimama na London.

Tarehe 3 Septemba 2018 wajumbe walikuwa The Hague, mbele ya Mahakama. Aliyefungua hoja kwa upande wa Mauritius alikuwa Sir Anerood Jugnauth, mzee wa miaka 88. Yeye mwenyewe alikuwa Lancaster House mwaka 1965. Hebu waza: kijana anaingia mkutanoni, anatoka nchi yake imepungua, na miaka 53 baadaye anasimama mbele ya majaji kusema niliona. Ikaonyeshwa pia video ya mama mzaliwa wa Peros Banhos, sehemu ya Chagos, akisimulia kwa Krioli alivyoondolewa na meli akiwa mjamzito. Waliokuwepo wanasema ukumbi ulinyamaza, na mimi niliyeitazama video ile kwenye kompyuta yangu niliisimamisha mara mbili kabla ya kuimaliza.

Maoni yalitoka tarehe 25 Februari 2019. Kwa kura 13 dhidi ya 1, Mahakama ilisema kazi ya kuondoa ukoloni haikukamilishwa kihalali, na kwamba Uingereza inapaswa kuuhitimisha utawala wake Chagos haraka iwezekanavyo. Tarehe 22 Mei 2019 Baraza Kuu likapiga kura tena: 116 kwa 6, na 56 bila upande. Na miaka sita kamili baadaye, tarehe 22 Mei 2025, Uingereza na Mauritius zikatia saini mkataba unaoikubali mamlaka ya Mauritius juu ya Chagos yote, kambi ya Diego Garcia ikibaki kwa miaka 99.

Yapo mawili ya kuuma katika habari hii, na siwezi kuyaruka. Kwanza, Wachagosi wengi wamelalamika kwamba mkataba ule ulijadiliwa juu ya vichwa vyao. Wana haki ya kulalamika. Kibao kinaandikwa jina la dola, na watu waliong'olewa makwao hawana kibao. Pili, kati ya zile nchi sita zilizopinga mwaka 2019, mojawapo ni Maldives, nayo nchi ya visiwa, jirani wa Chagos. Ilikuwa na madai yake ya bahari upande ule, ikahofia mpaka wake. Baadaye ilibadili msimamo. Msiende na fikra kwamba visiwa vyote ni ndugu wa damu. Kila balozi anatumwa na serikali yake, na serikali yake ina samaki wake wa kulinda.

Sasa watazameni majirani zetu wengine, Wakomoro. Comoro iliingia Umoja wa Mataifa tarehe 12 Novemba 1975, kisiwa cha Mayotte kikiwa kimebaki mikononi mwa Ufaransa. Februari 1976 Baraza la Usalama lilipiga kura 11 dhidi ya 1 kuunga mkono hoja ya Comoro, na ile 1 ilikuwa turufu ya Ufaransa. Baraza Kuu nalo likapitisha azimio baada ya azimio, hadi mwaka 1994. Baada ya hapo, kimya. Suala likabaki kwenye ajenda likiahirishwa, na mwaka 2011 Mayotte ikawa rasmi mkoa wa Ufaransa. Mayotte si Chagos. Wakazi wake wenyewe walipiga kura kubaki na Ufaransa. Hata hivyo, mimi nasema pasipo kuficha kwamba mamluki na mapinduzi yaliyoiandama Moroni ndiyo yaliyokiondolea nguvu kile kiti cha New York. Serikali ikipinduliwa leo, balozi wa jana anasema kwa mdomo wa nani? Na kwa miaka mingi Comoro imeangukia kifungu cha 19, kinachomnyang'anya kura mwanachama mwenye deni la miaka miwili, ikapiga kura tu kwa sababu Baraza Kuu huiruhusu kwa huruma. Nchi inayoomba kuruhusiwa kupiga kura ni vigumu kuwabana wengine juu ya kura zao.

Kuna jambo la kuuza kura na utambuzi, yaani kuitambua nchi au serikali fulani kwa malipo, ambalo najua mtaliuliza. Ni kweli lipo. Nauru iliiacha Taiwan na kwenda China mwaka 2002, ikarudi Taiwan mwaka 2005, ikaenda tena China Januari 2024. Desemba 2009 ilizitambua Abkhazia na Ossetia ya Kusini, maeneo yaliyojitenga na Georgia, mwezi ambao habari za msaada wa Urusi zilikuwa zimetanda. Sifurahii, na nadhani nchi inayofanya hivyo inajipunguzia uzito pale inapouhitaji. Lakini mnunuzi naye yupo, na mara nyingi ni mkubwa. Tuwalaumu wote wawili au tunyamaze.

Na zile kazi zisizoandikwa magazetini? Vijana wa Tuvalu na Kiribati kwa miongo mingi wamesomea ubaharia nyumbani na kuajiriwa kwenye meli za mizigo za wageni. Baharia anapofia bandari ya mbali, mtu wa kwenda chumba cha maiti, wa kupata cheti cha kifo, wa kugombana na wakala wa meli juu ya mshahara uliobaki, ni ubalozi, au konseli wa heshima anayejitolea, mara nyingi mfanyabiashara wa mji ule. Mama yake aliye kisiwani hamjui mtu mwingine yeyote katika mji huo.

Nimeacha gumu zaidi mwisho. Mkataba wa Montevideo wa mwaka 1933 unataja mambo manne yanayofanya nchi iwe nchi: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na nchi nyingine. Lile la nne ndilo ubalozi. Vipi bahari ikilichukua lile la pili? Tuvalu haikusubiri kuulizwa. Mwaka 2023 ilibadili katiba yake ikaandika kwamba utaifa wake ni wa milele, hata ardhi ikipotea. Novemba mwaka huohuo ilitia saini na Australia mkataba wa Falepili, unaowapa Watuvalu hadi 280 kwa mwaka njia ya kuhamia Australia, na ambao Australia inakubali humo kwamba Tuvalu itaendelea kuwa nchi. Mkataba huo una bei yake, maana Tuvalu haiwezi tena kufanya makubaliano ya ulinzi na nchi nyingine bila Australia kukubali. Wapo Watuvalu waliokasirika kwa hilo, na ninawaelewa.

Wakati huohuo jambo jingine lilikuwa likienda, nalo lilianza darasani. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini waliwaandikia viongozi wao: kwa nini tusiiulize Mahakama ya The Hague nchi zina wajibu gani kisheria juu ya tabianchi? Serikali ya Vanuatu ikalichukua, ubalozi wake New York ukalipeleka mlango kwa mlango kama Mauritius ilivyofanya, na tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu likapitisha azimio hilo likiwa na nchi 132 nyuma yake. Mwenyekiti aliuliza kama kuna pingamizi. Hakuna kibao kilichosimama, hata cha dola kubwa, na nyundo ikagonga.

Majaji walijibu tarehe 23 Julai 2025, wote kwa sauti moja. Mle ndani wameweka sentensi kwamba nchi ikishakuwa nchi, kutoweka kwa moja ya mambo yanayoiunda hakumaanishi lazima kwamba imekoma kuwa nchi. Nimewaletea nakala ya aya ile, imewekwa mezani pale kwa katibu, kila mtu achukue moja. Na yule kijana aliyeniuliza kuhusu zahanati, nimekuona umekaa safu ya tatu. Mpeni kipaza sauti, yeye aanze.